Shimo Katika Barabara Mpya

Vilima vya Sosiot vimefunikwa na mashamba ya chai yaliyosawazishwa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mvua hiyo hiyo inayoneemesha majani ndiyo iliyokuwa ikiwaliza wakulima. Kila masika, barabara ya udongo ya kuelekea kiwandani iligeuka uji. Malori yalizama katika kinamasi kilichokuwa bondeni, na majani yaliyochumwa kwa jasho yakaharibika na kumwagwa.

Serikali ilipoamua kuitia lami barabara hiyo, watu walishangilia. Shangwe ziliongezeka walipopata habari kwamba injinia msimamizi ni Rodah Chepkorir, binti wa Mama Esnah, mkulima wa hapo hapo.

Kazi ilikwenda mbio hadi walipofika kinamasini. Hapo Rodah aliagiza chuma chenye ncha kipigwe nyundo ardhini. Kilizama kama kisu katika ugali wa moto.

"Tutachimba mita mbili," Rodah alisema. "Tutoe udongo huu mweusi wote, tujaze mawe."

Omariba, msimamizi wa vibarua, alikuwa ametengeneza barabara kwa miaka ishirini. Alishika kiuno. "Injinia, tumwage changarawe, tupitishe rola, yaishe. Lami ikishalala, nani ataona kilicho chini?"

"Lori la tani kumi litaona," Rodah akajibu.

Wakachimba. Wiki zikawa miezi, na bonde likawa handaki. Wakati huo huo, mkandarasi mwingine alikamilisha barabara ya ng'ambo ya pili ya bonde. Ilimetameta kama nyoka aliyetoka kujivua gamba. Fahali alichinjwa, watu wakaimba na kucheza juu ya lami.

Hapo subira ya watu wa Sosiot ikaisha. Kipkosgei, mwenyekiti wa wakulima, aliitisha mkutano kando ya handaki.

"Wenzetu wanateleza kwenye lami, sisi tunatazama shimo!" alinguruma. "Huyu msichana anatuchezea. Aondolewe, tuletewe injinia anayejua kazi!"

Watu walipiga makofi. Mama Esnah aliinama, asijue aweke wapi uso wake. Jioni, walipokuwa wakinywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, alimwambia bintiye, "Mwanangu, leo jirani yetu Lenah hakunisalimia tulipokuwa tukipima majani. Kazi hiyo haiwezi kuharakishwa hata kidogo?"

Maneno hayo yalimchoma Rodah kuliko kelele za mkutano mzima. Akasema, "Mama, nikiharakisha, Lenah atakusalimia mwaka huu tu."

Mama Esnah alicheka bila kupenda. Hakuligusia jambo hilo tena.

Rodah alijaza handaki mawe makubwa. Juu yake akaweka udongo mwekundu uliochanganywa na saruji, kisha kokoto, na mwisho lami. Kandokando alichimba mitaro mirefu. Hakuna tabaka lililofunikwa kabla ya kupimwa. Moja liliposhindwa kipimo, aliamuru ling'olewe na kushindiliwa upya, huku Omariba akisaga meno kwa hasira. Barabara ilikamilika mwezi Machi. Hakuna aliyechinja hata kuku.

Masika yakaja kwa kishindo. Kufikia Mei, barabara ya ng'ambo ilikuwa imevimba, ikapasuka, na lami yake ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Malori yote ya pande zote mbili yakahamia barabara ya Rodah, na yakapita mchana kutwa juu ya kile kilichokuwa kinamasi bila hata ufa mmoja kuonekana.

Wakaguzi wa serikali walitumwa kuchunguza. Walikata shimo katika barabara ya ng'ambo, umati ukitazama. Lami ilikuwa nyembamba kama chapati, na chini yake matope matupu. Kisha wakasema, "Sasa tukate na ile ya Sosiot, pale bondeni."

Umati uliteremka bondeni. Rodah aliijua kazi yake, lakini hakuondoa macho kwenye lami. Omariba aliwanyang'anya vibarua sululu.

"Hii nitaikata mwenyewe," alisema.

Sululu ilipiga, ikalia, ikaruka. Jasho lilimtoka Omariba kabla hajatoboa kokoto. Aliendelea hadi matabaka yote yakaonekana, moja juu ya jingine. Chini kabisa, maji yalikuwa yakipenya taratibu kati ya mawe kuelekea mtaroni. Kipkosgei alipiga magoti, akatia mkono ndani, akaupapasa ule udongo mwekundu. Kiganja chake kilitoka kikavu.

Alisimama, akavua kofia. "Injinia Chepkorir, nilikuita msichana mbele ya watu. Nisamehe mbele ya watu hao hao."

Omariba alijifuta uso, akageukia umati. "Miaka ishirini nimefanya kazi hii," alisema. "Hii ndiyo barabara nitakayowaleta watoto wangu waione."

Vigelegele vikapasua bonde, na cha Mama Esnah kilisikika kuliko vyote. Rodah akaagiza shimo lijazwe tabaka kwa tabaka na kila moja lipimwe.

Barabara zote mbili zilikuwa nyeusi na laini siku zilipofunguliwa. Kilichozitofautisha hakikuonekana kwa macho mpaka zilipokatwa. Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.