Kitanda cha Mtoto wa Mondo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa jiwe!

Pakawa na maji yake!

Itikieni vizuri, ila leo msitarajie kucheka.

Hapo zamani za kale, msituni, palikuwa na jiwe kubwa. Juu yake aliishi Bibi Kuvumwani, yule wa kijani, laini, anayeota penye unyevu. Hakuwa na miguu wala meno. Kazi yake ilikuwa moja: kunywa mvua na ukungu, na kuwawekea wanyama maji hayo. Kiangazi kikija, walimlamba taratibu, wakaenda zao. Desturi ilikuwa kulamba, si kubandua.

Jirani yake alikuwa Mondo, paka wa mwituni mwenye madoa na miguu mirefu. Watoto wake wawili walikufa. Wa tatu akamwita Tabu, akampenda kupita kiasi.

Masika yakaingia, Tabu akatetemeka kwa baridi. Mondo akaenda jiweni.

"Bibi, nipe kipande nimtandikie mwanangu."

"Chukua, mama Tabu. Mtoto ni wetu sote."

Kesho yake akarudi, akabandua kikubwa zaidi. Siku ya tatu hakuomba. Akakwangua kwa makucha, kwaru, kwaru!

"Nibakize, mwanangu! Kiangazi mtakunywa nini?"

"Nitakimbilia mtoni. Mimi naruka kichaka kizima. Wewe tangu uzaliwe hujasogea hata shibiri!"

Jamani, kiburi! Jiwe likabaki tupu.

Kiangazi kikaja, vidimbwi vikakauka. Tabu akalia kitandani, "Mama, maji!"

Mondo akakimbia mtoni, na mto uko mbali kweli. Akajaza maji mdomoni, akaruka, akaruka. Alipofika, mdomo mkavu.

Akarudi mtoni, akalowesha mkia. Jua na upepo vikaukausha njiani.

Mara ya tatu akambeba Tabu mwenyewe, amemshika ukosi kwa meno. Alipomtua ukingoni, mtoto hakufungua kinywa. Alikwisha kufa.

Mondo akarudi jiweni akilia. Ndani ya ufa palisalia kijani kidogo, kama ukucha.

"Bibi, wewe usiye na miguu uliwanywesha wote. Mimi mwenye mbio nimeshindwa na mmoja."

"Pole, mwanangu. Mimi nilijua kuyashika maji tu."

"Utalifunika jiwe tena lini?"

"Hata ukizaa mwingine leo, atazeeka kabla sijalifunika."

Basi wenzangu, msimdharau anayewafaa kwa kuwa hatembei. Mtaka yote hukosa yote, na uchungu wake ni huu: aliyekosa maji alikuwa mtoto.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye kiu akanywe, na abakize.