Mpapai Dume wa Mashavu

Hapo zamani, watu wa kilima kimoja walichoshwa na mipapai dume. Kila mwaka ilining'iniza maua marefu kama shanga, na papai haikutoa. Wakasema, "Mti usiozaa unakula bure." Wakaikata yote, wakawapa mbuzi.

Mwaka uliofuata mipapai jike ikachanua. Maua yakanyauka, yakaanguka. Mwaka wa pili yakachanua, yakaanguka. Na papai ndilo lililokuwa likiwavusha watoto kiangazi. Mkuu wa ukoo, Mzee Shemboza, akatangaza: "Atakayeifanya mipapai izae tena, nitampa kile kipande cha bondeni kisichokauka."

Ng'ambo ya kilima, mbali na wengine, aliishi mjane aitwaye Mashavu. Dume lake pekee, alilofungia kamba ya kuanikia nguo, halikukatwa. Walipomjia na shoka aliwaambia, "Kateni. Kamba ya nguo nitaifunga kwenye masikio yenu?" Wakacheka, wakaondoka.

Siku moja mkunga, Bi Tatu, alikwenda kumtazama mke wa mtoto wa Mashavu, aliyekuwa mjamzito. Akaokota ua la dume, akalipasua kwa ukucha. Alipofika kwake akapasua la jike. "La jike lina tumbo, na ndani mna vijimbegu. La dume halina tumbo, lina unga wa manjano. Loo! Tumewaua waume, kisha tunawadai wajane watoto!"

Lakini magoti yake hayakuweza tena mlima. Akamweleza jirani yake, Riziki. Kila alfajiri Riziki alivuka kilima, akachuma maua ya dume, akarudi kuyakung'utia ndani ya maua ya jike, mti kwa mti, nyumba kwa nyumba. Siafu wakamng'ata. Mumewe akamuuliza, "Umekuwa nyuki?"

"Nyuki hupata hata asali," akajibu.

Safari hii maua hayakuanguka. Matumbo yake yakavimba, yakawa mapapai. Kiangazi kilipofika watoto walikula mpaka maji yakawachuruzika viwikoni. Wakalala bila kulia, na mama zao nao wakalala.

Ndipo wanawake watatu wakaenda kwa Mzee Shemboza.

Mashavu akasema, "Bila dume langu wangekung'uta nini? Upepo?"

"Wewe ulitunza kamba ya kanga," Bi Tatu akamjibu. "Mimi ndiye niliyeona."

"Uliona ukiwa umekaa, Bibi," akasema Riziki. "Aliyepanda mlima ni mimi."

"Ukapanda kwa akili ya nani?"

"Na ukafika kwangu mikono mitupu!" akadakia Mashavu.

Kipande chenyewe kilikuwa hatua ishirini tu, hakigawanyiki. Mzee Shemboza akajikuna kichwa, akakata papai. "Nikimaliza kula nitaamua."

Papai limekwisha, na mzee bado anaramba vidole. Semeni nyinyi: shamba la bondeni alistahili nani? Aliyeutunza mti bila kujua, aliyejua akashindwa kwenda, au aliyekwenda kwa kuambiwa?