Heroe Aliyemkana Mama Mweupe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ziwa la magadi, maji yake hayanyweki, chumvi yake yachoma nyayo. Wenye masikio sogeeni. Na wewe ambaye mama yako yu hai, kaa mbele kabisa.

Hapo zamani za kale, heroe, wale ndege wekundu wenye miguu mirefu, walikula kama kuku: kichwa juu, mdomo chini, donoa, donoa. Katika ziwa hilo aliishi heroe mmoja mjane. Mumewe alichukuliwa na fisi, akamwachia yai moja juu ya kichuguu cha tope.

Yai likaanguliwa. Akatoka kifaranga wa rangi ya majivu, miguu inatetemeka. Mama akamwita Kisura. Majivu matupu, lakini Kisura! Ndiyo mapenzi ya mama hayo. Tangu siku ile yeye mwenyewe akaitwa Mama Kisura, na jina lake la kwanza likasahaulika.

Kifaranga wa heroe hawezi kula mwenyewe. Basi mama alikula uduvi na mwani mwekundu, kisha akamtilia mwanawe mdomoni maziwa mekundu kutoka kooni mwake. Asubuhi maziwa. Mchana maziwa. Jioni maziwa. Kwa wengine hulisha wawili, baba na mama. Huyu alikuwa peke yake. Kwanza mabawa yakapauka. Kisha mgongo ukapauka. Kisha shingo. Hata Kisura alipojua kula, mama alimwachia uduvi wote ulionona, yeye akabaki kulamba tope.

Kisura akakua, akawa mwekundu, akang'ara. Mama yake akawa mweupe pe.

Na sababu Kisura hakuijua. Kwa heroe ni mwiko mzazi kumsimanga mwana kwa maziwa. Mama akanyamaza.

Ikawadia ngoma ya wali, mabinti waliofikia kuolewa. Desturi yao ilikuwa hivi: mwali hasimami peke yake. Mama yake husimama nyuma yake, na kungwi akiuliza, mama hujibu, "Mwenye mwana ni mimi."

Wakatoka, Kisura mbele, mama nyuma. Njiani wakakutana na Bata.

"Kisura, huyo mweupe nyuma yako ni nani?"

"Jirani yetu tu."

Mama akasikia, akameza mate. Wakaenda, wakaenda, wakakutana na Kongoti mwenye upara.

"Kisura, huyo mweupe nyuma yako ni nani?"

"Mtumishi wetu."

Mama akasikia, akameza mate. Wakafika uwanjani. Vijana wamejipanga, shingo juu, wanachagua kwa macho. Kungwi akauliza, "Nani mwenye mwana huyu?"

Mama akasogea. "Mwenye mwana ni..."

"Kungwi, huyo simjui!" Kisura akamkatiza. "Mama yangu alikufa."

Mama akamtazama mwanawe. Akaona unyoya mmoja mgongoni mwake umekaa upande, akaunyoosha kwa mdomo, polepole.

"Basi," akasema. "Mwana amesema."

Akaruka, akaenda zake. Kisura akacheza, na siku hiyo hiyo akaposwa. Mnaona? Mambo yalimnyookea.

Baada ya siku nyingi akataga yai lake. Likaanguliwa, akatoka kifaranga wa rangi ya majivu. Kisura akampenda hadi akashindwa kula. Asubuhi maziwa, mchana maziwa, jioni maziwa. Siku moja akajitazama majini: bawa limepauka. Akakimbia kwa kungwi.

"Kungwi wangu, nimerogwa!"

"Hujarogwa, umezaa. Rangi yako inakwenda kwa mwanao, kama ya mama yako ilivyokuja kwako."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini, binti yangu? Akusimange?"

Kisura akakaa kitako topeni, akalia. Kisha akamwachia mumewe mtoto, akaruka kumtafuta mama.

Akafika ziwa la kwanza. "Mmemwona heroe mweupe?" Hatujamwona. Akafika ziwa la pili. "Mmemwona heroe mweupe?" Alipita, hakukaa. Akafika ziwa la tatu, limejaa heroe huku na huku. Akamuuliza bibi mmoja aliyesimama ukingoni.

"Shikamoo, bibi. Mmemwona heroe mweupe?"

"Marahaba, mwanangu. Alikuja mmoja, siku nyingi. Lakini hapa hana wa kumwachia uduvi. Alikula, akashiba, sasa ni mwekundu kama sisi."

"Yuko wapi?"

"Yumo humo."

Kisura akatazama. Wekundu maelfu kwa maelfu. Uso wa mama yake hakuwahi kuuangalia vizuri. Aliujua ule weupe tu, aliouonea aibu. Na weupe haukuwapo tena.

Akaita, "Mama Kisura!" Kimya. Akaita, "Mama Kisura!" Kimya. Akaita mara ya tatu mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyegeuka. Pengine mama hakusikia. Pengine alisikia, akakumbuka kwamba aliambiwa amekufa. Hilo silijui, na sitawadanganya.

Akarudi, maana mtoto alikuwa na njaa. Lakini kila alipoinama kula, alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake. Akapindua kichwa, utosi chini, akachungulia nyuma katikati ya miguu yake. Hakuna mtu. Akala hivyo hivyo, akichungulia. Mwanawe akamwiga, na wana wa mwanawe wakaiga.

Ndiyo maana hadi leo heroe hula kichwa kimepinduliwa, utosi chini. Watu husema anachuja tope. Anachuja, ndiyo. Lakini macho yake yanatazama nyuma.

Wanangu, majuto ni mjukuu. Ukimwona mzazi wako amechakaa, usimwonee aibu. Jiulize amechakaa kwa ajili ya nani. Na uulize mapema, angali nyuma yako.

Hadithi yangu imetua hapo ziwani. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi niliyeisimulia.