Jicho Letu

Fundi mmoja wa kamera alikuwa na mikono mizuri na jirani aliyemzidi. Fundi huyo aliitwa Hizza. Karakana yake ilikuwa upande wa juu wa barabara, na upande wa chini, mlango ukitazamana na mlango, ilikuwapo karakana ya Singano, naye fundi wa kamera. Walifunzwa kazi na bwana mmoja, wakala sahani moja ujanani, kisha kila mtu akafungua pake na wakaanza kunyang'anyana wateja. Mteja wa Hizza hakunywa hata maji kwa Singano. Wenyewe walisalimiana kila asubuhi kwa heshima zote, "Fundi," "Fundi," halafu kila mmoja akaingia kwake kumfikiria mwenzake mchana kutwa.

Kamera ina kitu ndani yake ambacho mafundi wale walikiita jicho. Si kile kioo cha mbele mnachokiona. Ni kibati chembamba kinachokaa nyuma ya kioo, kwenye giza, kikipokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kamera isiyo na jicho ni sanduku. Hizza alijua kutengeneza sanduku kuliko mtu yeyote mjini, na alijua jambo jingine ambalo wengi hawakulijua: kulifundisha jicho rangi za watu. Maana jicho jipya ni jinga. Huona uso mweusi likaufanya majivu, huona uso wa maji ya kunde likaufanya tope. Hizza aliketi na jicho, akaliwekea nyuso mbele yake, akalirekebisha na kulirekebisha, mpaka mtu akiiona picha yake aseme, "Eh, huyu kweli mimi." Lakini jicho lenyewe hakuliweza. Alijaribu miaka na miaka. Macho aliyoyatengeneza yaliona cheche mahali pasipo na kitu.

Singano aliliweza. Basi siku moja Hizza alimeza mate, akavuka barabara. Alikwenda akijua atachekwa, na jibu la kumjibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Singano hakumcheka. Alimsogezea kigoda, akamwambia kwamba macho yake ni safi lakini watu kwenye picha zake wanaonekana kama maiti, na kwamba yeye pia amekuwa akiona haya kuvuka. Wakakubaliana hapo hapo. Singano atengeneze macho ya karakana zote mbili, Hizza ayafundishe yote rangi, kisha kila mtu atie jicho kwenye sanduku lake na ushindani uendelee kama kawaida. Singano alikuwa na desturi moja tu. Nyuma ya kila jicho alichora sindano ndogo, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya jina lake kwa lugha ya kwao.

"Sitaki kutangazwa barabarani," alisema. "Ila mtu akikuuliza, mwambie."

Hizza akasema hilo halina hata mjadala.

Na mwanzoni aliwaambia. Wateja walipoona picha zinavyong'aa wakauliza jicho lile la nani, alijibu kwamba ni la Singano, yeye amelifundisha rangi tu. Lakini jibu hilo lilikuwa refu, na sifa zilipofika mwisho wake zilikuwa zimekwisha kugawanyika. Siku moja mteja alipouliza, Hizza akajikuta amesema, "Letu." Akaona limekaa vizuri mdomoni.

Litazameni neno hilo, ndugu zangu. Ndani ya "letu" anaweza kukaa mtu na jirani yake, na anaweza kukaa mtu na vibarua wake tu, na aliye nje hawezi kujua nani yumo. Hizza aliiambia nafsi yake kwamba Singano yumo. Wateja walisikia kwamba jicho ni la karakana ile. Hakuna uongo uliosemwa, na hicho ndicho Hizza alichokipenda. Akalizoea neno, akalisema asubuhi na jioni.

Ndipo akaja Bi Namsifu. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati za milimani, na zahanati hizo hazikuwa na daktari. Mgonjwa wa ngozi alipigwa picha, picha ikapelekwa kwa daktari mjini, naye akaitazama na kuamua dawa. Bi Namsifu alitaka kamera kwa ajili ya zahanati zote, na alikuja na wenzake wawili. Alizisifu kamera za Hizza, kisha akauliza swali la mtu mzima.

"Jicho hili anatengeneza nani? Likiharibika kule juu, nataka kuujua mlango wa kubisha."

Wakati ule ule Singano aliingia na boksi la macho mapya, amevaa aproni ya kazi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alilisikia swali. Akasimama pale mlangoni akingoja, kwa kuwa alidhani jibu lake linakuja.

"Ni letu, mama," Hizza akasema.

Mmoja wa wageni akamwona mtu amesimama na mzigo. "Baba, weka hapo utupishe kidogo," alimwambia, bila ubaya wowote. "Tuna mazungumzo."

Singano akamtazama Hizza. Palihitajika neno moja tu, na neno hilo lilikuwa jina la mtu. Hizza akaitazama meza. Singano akaweka boksi chini taratibu, maana vilivyomo huvunjika, akawaambia wageni, "Karibuni sana," akatoka.

Hizza aliona aibu. Nasema hivyo msije mkamdhania mtu mbaya. Aliona aibu mpaka chakula cha mchana kikamshinda. Lakini kuna aibu inayomvusha mtu barabara, na kuna aibu inayomtafutia mahali pa kujificha, na yake ilikuwa hii ya pili. Alianza kuogopa kwamba ipo siku mtu wa zahanati atafungua kamera na kuiona ile sindano. Basi akachukua wembe. Katika kila jicho la zile kamera za milimani akaikwangua sindano ya Singano, kwa mkono mwepesi, mpaka haikubaki hata kivuli. Alizijaribu kamera kando ya dirisha, kwenye jua, picha zikatoka safi. Akazipeleka. Na tangu hapo akawa anachelewa kufungua karakana, ili salamu ya asubuhi impite.

Bi Namsifu alirudi msimu wa mvua. Hakuja na hasira. Alikuwa amechoka, na viatu vyake vilikuwa na matope ya mlimani. Aliweka kamera mezani, na juu yake picha.

Ilikuwa picha ya mkono wa mama mmoja, iliyopigwa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Mkono ulikuwa na madoa madogo meupe kuanzia kiwikoni mpaka kwenye vidole. Daktari aliiona, akasema huu ni ugonjwa wa kuambukiza, mgonjwa atengwe. Mama yule alikuwa na mtoto anayenyonya. Walimtenga na mtoto wake. Alimsikia mwanawe akilia chumba cha pili na hawakumruhusu kwenda, mpaka maziwa yakamkauka. Bi Namsifu alipopanda kukagua, alimtoa mama nje juani, akaushika mkono wake, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa hauna kitu.

"Madoa hayakuwa mkononi," alisema. "Yamo humu ndani. Ulisema jicho ni lenu. Basi litazameni."

Hizza alilitazama. Alifungua sanduku, akasafisha kioo, akarudia kulifundisha rangi, akafanya kila alichokijua, huku Bi Namsifu ameketi anamngoja. Hatimaye akaichukua kamera, akamwomba mgeni amsubiri, akavuka barabara.

Alimkuta Singano anapiga picha ya giza. Ndivyo alivyolipima kila jicho kabla ya kuliruhusu litoke: alilifunika, akalifungia mahali pasipoingia mwanga hata chembe, kisha akaliamuru lipige picha. Jicho zima lilileta weusi mtupu. Hizza akampa kamera bila salamu, akaeleza habari za madoa na za mama. Singano alilitoa jicho, akalifungia gizani, akapiga. Picha ikatoka na cheche nyeupe, zile ambazo mwanga wa jua huzificha. Akaligeuza nyuma. Akapapasa kwa kidole mahali palipokuwa na sindano, akauona mkwaruzo wa wembe uliokijeruhi kile kibati chembamba, na akaelewa yote. Hizza aliomba kimoyomoyo atukanwe.

"Jicho linaloona mwanga gizani, Fundi," Singano akasema, "mwanga huo ni wa kwake lenyewe."

Akaliweka kando. Kisha akauliza, "Mtoto wa yule mama hajambo sasa?"

Hizza hakujua. Muda wote ule mgeni ameketi mbele yake, alikuwa hajamwuliza.

Hapo ndipo kitu kilipomvunjika ndani. Akamshika Singano mkono, akamwambia, "Twende wote," na wakavuka barabara mchana kweupe, wateja wa juu na wa chini wakiwatazama. Hizza akasimama mbele ya Bi Namsifu.

"Mama, huyu mliyemwambia awapishe ndiye anayetengeneza jicho. Aliweka alama yake nyuma, mimi nikaikwangua kwa wembe. Madoa ni ya wembe wangu. Yeye hana kosa."

Bi Namsifu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akamgeuzia Singano swali la siku ya kwanza.

"Kumbe jicho hili ni lako?"

Singano alikuwa na haki yote ya kujibu "Langu." Mlangoni watu walikuwa wamekwisha kujaa, na habari ingeufikia mji mzima kabla ya jua kuzama. Hizza alilingoja neno hilo, na moyoni alilitaka, kwa sababu lingempunguzia.

"Ni letu, mama," Singano akasema. "Mimi nalifanya lione, yeye analifundisha watu. Na madoa pia ni yetu. Zileteni kamera zote, tutayabadilisha macho."

Hizza hakuweza kuinua uso. Lile neno aliloliiba kidogo kidogo, leo alipewa zima, bure, mbele za watu, na ndani yake wametiwa yeye na kosa lake. Angetukanwa angekuwa na la kujibu.

Walibadilisha macho yote, na kila moja likapigishwa picha ya giza mara ya pili, kwa mkono wa Hizza mwenyewe. Kisha akapanda milimani kumwomba radhi yule mama. Mama akampokea, akampa kiti, akamwuliza kama amekula. Mtoto alikuwa sakafuni ananyweshwa uji na bibi yake. Hizza aliyasema aliyokuja kuyasema, na mama akamsikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, baba."

Basi na ninyi mnaosema "letu" kila siku, kanisa letu, mavuno yetu, kazi yetu, niambieni: mnapolitamka neno hilo, aliyekitengeneza kitu chenyewe mmemkaribisha ndani akaketi, au bado amesimama mlangoni na boksi mikononi, akiwangoja mlitaje jina lake?