Povu la Mtungi wa Bi Mize

Je, nyinyi mnaojipakulia achari ya embe pembeni mwa pilau, mnadhani imekuwapo siku zote? Jana mlipotaka kumfukuza mwenzenu mchezoni kwa hasira zake, niliwaambia, "Achari haimwagwi kwa povu," mkacheka. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hapa Pangani achari ilikuwa ndimu na chumvi, basi. Aliyesifika kwa kuitengeneza ni Bi Mize. Mke wa mwanawe, Mwanajuma, alitoka Bweni, hapo ng'ambo ya mto, na tangu aolewe hakuruhusiwa kuugusa mtungi. Kazi yake kuni na maji. Bi Mize alimwita "huyu wa Bweni", na majirani nao wakafuata.

Mwaka mmoja ndimu zikakauka mitini, na harusi ya binti wa Bi Mize imekaribia. Karamu bila achari ni aibu. Mwanajuma akasema kwao achari hutengenezwa kwa embe. Kwa shingo upande Bi Mize akamwachia mtungi, akamwonya kwamba ikiharibika atavushwa mto arudi kwao. Mwanajuma akakata embe mbichi vipande vyembamba, akatia chumvi, pilipili na kitunguu saumu, akafunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa, akauweka juani.

Harusi ikiwa mlangoni, mtungi ukaanza kuchemka bila moto. Povu likainua kitambaa, likatiririka ubavuni. Majirani waliokuwa wakipeta mchele wakaweka nyungo chini. Mmoja akauliza kama huko Bweni wanakula sabuni. Bi Mize akaubeba mtungi hadi jaani, akauinamisha.

Mwanajuma akauziba mdomo kwa viganja vyake. Pilipili ilimwingia kwenye michubuko ya kuni, lakini hakuondoa mikono.

"Mama, kwetu hutoa povu kwanza, ndipo ikatulia. Ukiimwaga leo, unimwage na mimi."

Bi Mize akamtazama. Akautua mtungi. Akasema ataionja siku ya karamu, mbele ya watu.

Siku hiyo povu lilikuwa limekwisha. Bi Mize akatia kipande kinywani. Akatafuna polepole, akameza. Mkono ukarudi mtungini kuchukua cha pili.

"Jamani, achari haimwagwi kwa povu," akawaambia majirani. Kisha akageuka. "Haya, Mwanajuma, sema unachotaka nikupe."

Mwanajuma akainamisha uso, machozi yanamlengalenga.

"Umeshanipa, Mama. Nilitaka uniite jina langu."