Kigoda cha Bi Namkuna

Tegeni masikio, maana hukumu itakuwa yenu. Katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho huko kusini walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Somoe, msimamizi, alijua kukasirika bila kupaza sauti. Chimbele, fundi, hakuwahi kushindwa na chuma. Bi Halika, mbanguaji mkongwe, akianza jambo wenzake humfuata.

Wanawake wa pale walibangua wameketi kwenye vigoda walivyorithi kwa mama zao. Jumatatu moja walikuta mashine za kukanyaga kwa mguu, za kufanyia kazi wima. Vigoda havikuwapo. Walikuwa wamekwisha kunywa uji wa kiwanda walipoambiwa umepikwa kwa kuni gani. Meneja, Bwana Mteweke, alikuwa ameagiza mbao kuukuu ziondolewe, na mpishi akaona amepata kuni. Kilipona kimoja tu, alichokuwa amekikalia mpishi mwenyewe akikoroga uji: cha marehemu Bi Namkuna, ambaye hakuacha mrithi.

Wanawake wakatoka nje ya geti. Meneja akatangaza kwamba wasiporudi kabla ya Ijumaa, ataajiri wengine.

Somoe alikasirika. Hakuna aliyemdokezea lolote, na sasa wenzake walimtazama kama msaliti. Meneja alipomwita ndani apewe masharti ya kuwasomea, hakwenda. Alisimama juani pamoja nao, akatuma ujumbe kwamba aliyechoma vigoda aje aeleze mwenyewe. Siku ya pili Mteweke akatoka. Akaeleza kuwa wanunuzi wamechoka na korosho zilizovunjika, ndiyo maana ya mashine. Akaomba radhi.

“Radhi haikaliwi, mwanangu,” alisema Bi Halika. Hakuna aliyeingia.

Chimbele naye alikuwa na lake moyoni, kwa kuwa alifungishwa mashine bila kuulizwa neno. Alizikata mashine zote miguu, bila ruhusa, akijua anaweza kufukuzwa. Makasha yaliyokuja na mashine akayageuza mabenchi ya chini. Sasa mtu angeweza kukanyaga ameketi. Wanawake wakachungulia, wakanuna, wakabaki nje.

Ndipo Bi Halika, ambaye kigoda chake baba yake alimchongea mama yake, akajifunga kanga kiunoni. Akampita meneja bila salamu, akaketi, akabangua korosho ya kwanza.

“Sijasamehe,” alisema. “Nimekuja kazini.”

Wote wakamfuata, na ajira zao zikapona.

Wakakubaliana kigoda cha Bi Namkuna apewe aliyewarudisha. Hapo hasira ikawaka upya. Chimbele aliuliza, bila yeye wangeketi juu ya nini? Bi Halika aliuliza, ni nani aliyetangulia mlangoni? Mteweke alipothubutu kukumbusha kwamba naye aliomba radhi, aliambiwa uji wake wameshaunywa.

Somoe aliushika mguu mmoja wa kigoda, asiuachie. Kama si yeye, meneja angejifungia ofisini mpaka Ijumaa, na geti lingefunguliwa kwa wengine. Ndivyo alivyosema, na safari hiyo alipaza sauti.

Mpaka leo kigoda kiko katikati ya banda, na hakuna anayekikalia. Haya, ninyi mliosikia yote: mngemkalisha nani?