Noti Zilizopakwa Uji

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami sitaki kuikalia peke yangu.

Zamani za vita, sarafu ziliadimika katika mji mdogo wa Lumbila. Ukinunua bagia, chenji yako ilikuwa kitunguu. Basi baraza la mji likatoa noti zake lenyewe, za karatasi, kila moja na saini na ahadi: vita vikiisha, ilete, utapewa sarafu.

Aliyezitengeneza ni karani wa mji, Mwinshehe. Ili zisichanike upesi, alizipaka uji wa muhogo, akajiona fundi kwelikweli.

Vita vikaisha, sarafu zikarudi, watu wakapanga foleni barazani. Siku ya mwisho ya kubadilisha, Bi Mwajabu, mjane muuza bagia, alifungua mkebe mbele ya karani. Ndani mlikuwa na chengachenga za karatasi na mende wawili.

"Zilikuwa sitini, mwanangu. Ndio mtaji wangu wote."

"Bila saini hakuna malipo, mama," akasema Mwinshehe, akitazama pembeni.

"Basi kosa ni langu. Niliziweka karibu na unga."

Maneno hayo yalimchoma. Asubuhi ileile alikuwa amefungua sanduku la akiba la baraza, akakuta noti zote zimeliwa. Alijua mende walifuata nini. Alijua pia kwamba akisema tu, kazi hana.

Akainuka, akalileta sanduku, akalimwaga mezani mbele ya mkuu wa mji, aliyekuwa akisimamia malipo.

"Bi Mwajabu hana kosa, mzee. Ni uji wangu."

Wanawake wanane kwenye foleni wakatoa mikebe chini ya kanga zao. Walikuwa wameona haya kuionyesha.

"Kila mmoja aseme alikuwa na noti ngapi," akasema mkuu wa mji.

Mwinshehe akashika kalamu huku akiwaza. Kwa neno la mdomo, nani hatazidisha? Akaandika walivyotaja, akajumlisha: mia tatu na tisini. Akafungua daftari. Noti ambazo hazikurudi zilikuwa mia nne na mbili. Hakuna aliyezidisha hata moja. Waliokuwa na shaka walijipunja wenyewe.

"Walipe," akasema mkuu wa mji. "Nawe kesho uje kazini mapema. Ila uji unywee nyumbani kwako."

Funzo: Usimwachie mnyonge abebe kosa lako, hata kama yeye mwenyewe amekubali kulibeba. Ukianza wewe kusema kweli, wengi watakufuata.